Jina la Mama na Jiwe la Mbali

Ninaandika habari hii kwa Kiswahili kwa makusudi. Kwetu Nchelenge Kiswahili ni lugha ya kuuzia samaki na kubishana na watu wa ng'ambo, upande wa Congo. Nyumbani tunasema Kibemba. Watoto wa dada yangu wanajua kuhesabu kwa Kiswahili, na kutukana wanajua sana, lakini kukisoma kwenye kitabu hawawezi. Ndiyo maana nimekichagua. Nimezeeka mimi, lakini woga wangu ungali kijana.

Jina lenyewe sitalitaja. Ni jina la mama yangu mzazi, nami nililitoa mara mbili, kwa watu wawili, wakati lilikuwa moja tu.

Nilikuwa mupishi. Kazi nilijifunza Elisabethville, kule Congo, kwa Mubelgiji mumoja ambaye kifua chake kilikuwa kibovu. Katika miaka ile ya hamsini daktari akamwambia atafute hewa ya ziwa, rafiki yake akamuazima nyumba upande wetu wa ziwa Mweru, na mimi nikarudi naye. Nilirudi kwetu na viatu vyeusi, aproni nyeupe na Kifaransa cha jikoni. Nilijiona, jamani! Ungenikuta bandarini siku zile ungedhani ziwa ni langu na samaki wote nimewakopesha watu.

Mudogo wangu, dada yangu wa tumbo moja, alikuwa ameolewa Kafutuma. Alikuwa amezika watoto wawili. Wa kwanza alikaa wiki mbili, wa pili hakumaliza mwezi. Mimba ya tatu ilipofika miezi mitano akaota mama yetu marehemu amekuja na mutungi wa maji kichwani, akautua mulangoni, akakaa pale. Kwetu ndoto ya namna hiyo haina haja ya kufasiriwa. Mupashi wa mama, maana yake roho yake, alikuwa anaomba kurudi katika ukoo, na mutoto atakayezaliwa angepewa jina lake siku kitovu kitakapoanguka. Tangu siku hiyo mutoto anakuwa mama. Aliyemuzaa anamwita mama, na mimi mujomba wake ningemwita mama, hata kama anatambaa na makamasi.

Lakini jina halichukuliwi hivihivi. Linaombwa kwa mukubwa wa nyumba. Na katika nyumba yetu, jina likishapewa makao halipewi makao mengine. Wajomba zetu walikuwa wamekwisha kufa, kwa hiyo mukubwa nilikuwa mimi.

Alikuja na kuku na kikapo cha unga wa mihogo, akapiga magoti jikoni kwangu, nyuma ya nyumba ya muzungu.

"Yaya," alisema, kwa maana ndivyo tunavyomwita ndugu mukubwa, "nimekuja kuomba jina la mama."

Nilikuwa ninakaanga vitunguu. Hata sikugeuka vizuri. "Chukua, chukua," nikamwambia, "jina ni lako." Halafu, kwa kuwa nilikuwa nimebatizwa na nilipenda watu walikumbuke jambo hilo, nikaongeza: "Ila mambo ya mupashi ni ya zamani, mudogo wangu. Mama yuko mbinguni."

"Akae mbinguni, na huku aje pia," alijibu akicheka. Alirudi Kafutuma akiwa na furaha, na kuku wake nilimupika Jumapili.

Sasa huyu bwana wangu. Kabla ya kuugua alifanya kazi miaka mingi katika nyumba ya darubini, ile mitambo mikubwa ya kutazamia nyota. Mimi nilidhani muzungu akistaafu anapumzika. Wapi! Kila siku baada ya chai ya asubuhi aliweka karatasi zake kwenye mesa ya barzani, akahesabu mpaka saa ya kula bukari, ugali wetu. Siku moja nilipomupelekea kahawa akaniita.

"Mupishi, kuja uone."

Alinionyesha foto nyeusi yenye vidoti vingi vyeupe. Vidoti ni nyota, alisema. Katikati yake kulikuwa na kamustari kafupi, kama mutu amekwaruza kwa ukucha. Nyota hazikusogea wakati foto inapigwa, lakini kale kamustari kalisogea, na kwa hiyo hakakuwa nyota. Kalikuwa jiwe. Yeye mwenyewe alilipata akiwa kijana, halafu likapotea, vita vikaja, wengine wakalipata tena, na baada ya mahesabu ya miaka na miaka sasa lilikuwa limepewa namba. Alinieleza kwamba kati ya Mars na Jupita kuna mawe kama hayo maelfu, yote yanazunguka jua kama sisi. Lake lilikuwa la upande wa inje kabisa, kule kwenye baridi, na mwaka wake mumoja ni zaidi ya miaka mitano yetu. Nikamuuliza ukubwa wake. Akainua mabega. Pengine kutoka hapa mpaka Kafutuma, alisema, pengine zaidi.

"Na kwa macho linaonekana, Bwana?"

"Hapana. Kwa macho hapana kabisa. Hata na jumelles yangu ile, ile darubini ndogo ya macho mawili, hapana."

Ninaomba mulikumbuke jibu hilo, kwa sababu mimi sikulisahau hata siku moja.

Mawe hayo yakishapata namba, aliyeyapata ana haki ya kuyapa jina, na tangu zamani desturi yao ilikuwa majina ya kike. Hapo bwana wangu alikuwa amekwama. "Minamaliza wanamuke yangu yote," aliniambia, anacheka mpaka anakohoa. "Bibi yangu iko kule juu. Mabinti yangu mbili, iko. Muji yangu, iko. Hata bibi ya rafiki yangu! Ile jiwe ya mwisho inakosa jina." Alitaka lipate jina la kutoka kwenye ziwa hili lililomusaidia kupumua. Kama mimi ninajua jina zuri la mwanamuke wa hapa, nimupe.

Hapo mutu mwenye akili angesema: Bwana, ngoja kwanza niulize nyumbani. Mimi nikataja jina la mama.

Aliliandika, akalisoma kwa sauti mara mbili, akalipenda. Kisha aliniangalia juu ya miwani. "Bon. Hakuna mutu ya kuuliza kwanza? Familia?"

"Hakuna, Bwana. Mukubwa ni mimi."

Ningependa kusema nilifanya hivyo kwa sababu ya kumupenda mama. Uongo. Nilitaka majivuno. Nilitaka bandarini waseme yule mupishi, yule wa viatu, mama yake anajulikana Ulaya. Na mudogo wangu, je, nilimusahau? Sikumusahau. Nilimukumbuka palepale, kalamu ya muzungu ikiwa bado inaandika, nikajiambia jina ni neno tu, litawatosha wote wawili. Aibu yangu inaanzia hapo.

Jioni hiyohiyo nilikuwa bandarini kati ya wanawake wa samaki, ninapiga domo. "Mama yangu amepewa jiwe lake mbinguni! Na namba yake!"

"Likianguka utuambie mapema tukimbie," alijibu mumoja, na wote wakacheka. Lakini habari ilitembea. Kafutuma si mbali kwa maneno.

Siku ya nne mudogo wangu akatokea nyuma ya nyumba. Alikuwa ametembea kwa miguu na tumbo la miezi minane. Miguu yake ilikuwa imevimba mpaka huwezi kuona mufupa wa kifundo. Hakupiga magoti, hakunisalimu.

"Yaya, jina la mama umemupa nani?"

"Si kumupa mutu. Ni jiwe tu, la wazungu, liko mbali..."

"Jiwe!" Alilisema kwa sauti ya kupasuka. "Mimi nina mutu tumboni, wewe jina unapelekea jiwe? Ulikula kuku wangu, yaya! Ulisema chukua!"

Nilimwambia anyamaze, muzungu atasikia. Eh, ndiyo, hilo ndilo lililonisumbua, muzungu atasikia. Nikampa kiti, akakikataa. Alisema nisimweleze habari za ubatizo, na yeye amebatizwa. "Wale wawili niliwafunga sanda kwa mikono hii. Huyu sitaki kumufunga. Nenda kwa muzungu wako, umwambie alifute. Ninakuomba, yaya. Nenda sasa."

Na barua ilikuwa bado haijaenda. Niliiona kwa macho yangu asubuhi nikipangusa vumbi, iko juu ya mesa, bahasha haijafungwa, inangojea masua, meli ya samaki ya Mugiriki mumoja, iipeleke Kasenga ng'ambo, na kutoka kule poste ya Elisabethville. Neno moja tu lilitakiwa. Bwana wangu hakuwa mutu mubaya; angecheka, angekata mustari, angetafuta jina lingine kesho yake.

Nilienda mpaka barzani. Akainua kichwa. "Iko nini, mupishi?"

Nikasimama. Mbele ya wageni wake alikuwa na maneno yake ya kunisifu: mupishi yangu ni mutu ameamuka, hana mambo ya pori. Kila aliposema hivyo shingo yangu ilirefuka. Sasa nimwambie nini? Kwamba dada yangu yuko jikoni analia kwa sababu ya ndoto na mutungi wa maji? Kwamba mutoto wetu hatapona kwa ajili ya jiwe lake?

"Bwana atakunywa chai au kahawa?" nikauliza.

"Kahawa," alisema, akarudia mahesabu yake.

Nikatengeneza kahawa. Maji yakichemka, mudogo wangu ananitazama usoni, nikamwambia: "Amekataa. Anasema barua imekwisha kwenda." Hakulia tena. Aliketi chini karibu na kuni, mikono yake juu ya tumbo, akaketi hivyo mpaka kahawa ikapoa kwenye kikombe cha muzungu na nikalazimika kutengeneza nyingine.

Kesho yake bwana alifunga bahasha akanipa. Mimi ndiye niliyeipeleka, kwa miguu yangu, kwenye masua. Mudogo wangu alikuwa amelala kwa mama yetu mukubwa, hatua mia tu kutoka bandarini, hawezi kutembea. Ningeiangusha majini, nani angejua? Nilimukabidhi kapiteni, nikamwambia ni barua ya maana, aitunze.

Alibaki Nchelenge kwa mama mukubwa mpaka akajifungua. Musichana. Kitovu kilipoanguka wanawake wazee wakauliza jina, yeye akasema la mama limekwisha kuchukuliwa, na mutoto akapewa jina la upande wa baba, jina ambalo hakuna aliyeliota. Mutoto alilia kama watoto wote wanavyolia. Lakini kila alipolia, macho ya watu yalinigeukia, na mimi nilipata kazi ya haraka mahali pengine. Dada yangu alinisalimu kama mutu anavyosalimu mupita njia.

Mutoto alipofika mwezi na nusu akashikwa na homa. Mama yake alimupeleka dispensari asubuhi, wakamupa dawa, na jua lilipoanza kuzama akaja nilipokuwa ninaosha masufuria ukingoni mwa ziwa. Mutoto alikuwa amemufunga mugongoni, kichwa chake kimelegea.

"Sikuja kugombana," alisema. "Nionyeshe liko wapi. Mutoto amusalimie mama, mama amujue, asimukasirikie. Hilo tu."

Nilijua jibu. Kwa macho hapana kabisa. Kama ningesema hivyo, angeniuliza: basi mama umemupeleka mahali ambapo hakuna mutu anayepaona? Na mimi ningejibu nini? Ng'ambo ya maji, upande wa Congo, ilikuwa imewaka ile nyota kubwa ya jioni, ile ambayo kila muvuvi anaijua. Nikainua mukono wangu, bado una sabuni.

"Ile?"

"Ile."

"Kumbe ni kubwa hivi!" Uso wake, Mungu anisamehe, uso wake ulifunguka. Alimufungua mutoto, akamuinua kwa mikono miwili kuelekea maji. "Mama, huyu ndiye. Ulitaka kuja, njia ikafungwa. Si kosa lake. Usimukasirikie."

Nilirudia sufuria niliyokuwa nimekwisha kuiosha, nikaiosha tena.

Homa ilishuka siku ya pili. Dawa ilifanya kazi yake, lakini nyota ndiyo iliyosifiwa. Tangu hapo kila jioni alikwenda ukingoni na mutoto, akampa mama habari za siku hiyo: kwamba mutoto amecheka, kwamba amekohoa, kwamba wale samaki makobo wamekuwa wachache. Mimi pia nilitajwa katika habari hizo, na kwa wema. Alianza tena kuniletea samaki wakavu. Nilikula.

Jibu kutoka Ulaya likafika. Jina limekubaliwa. Bwana wangu alinitafsiria mistari miwili iliyochapwa: namba, jina, na maneno kwamba hilo ni jina la mwanamuke wa ziwa Mweru, mama wa mupishi wa yule aliyelipata jiwe. Alinipa mukono kana kwamba tumefanya kazi pamoja. Nilisema aksanti, nikaenda jikoni, nikakaa nyuma ya mulango mpaka kitu kikaungua.

Halafu nyota ile ya jioni ikaanza kushuka. Kila wiki ilikuwa chini zaidi, karibu zaidi na maji, na siku moja jua lilizama, hakukuwa na kitu. Siku ya pili, hakuna. Siku ya tatu mudogo wangu alikuja mbio, kitambaa cha kichwa kimeanguka, hajala tangu jana.

"Yaya, mama ametuacha. Amemukataa. Mutoto atakufa huyu!"

Mutoto mwenyewe alikuwa muzima, ananyonya kidole. Hapo Mungu alinipa nafasi ya mwisho, na ilikuwa nafasi nzuri kuliko zote, tulikuwa wawili tu, ningesema yote na ile habari ya kahawa ndani yake. Nikamwambia aningojee kidogo. Nilienda barzani nikamuuliza Bwana ile nyota kubwa ya jioni imekwenda wapi. Alifurahi sana kuulizwa! Alisukuma karatasi zake, akachukua limau na mbegu mbili. Ile si nyota, alisema, ni sayari, inazunguka jua karibu kuliko sisi, na sasa inapita katikati yetu na jua. Baada ya siku nane, pengine kumi, itatokea upande wa pili, asubuhi, mbele ya jua kutoka.

"Kwa nini unauliza, mupishi?"

"Ninapenda tu kujua, Bwana."

Nikarudi kwa mudogo wangu na hekima ya wazungu mufukoni. "Mama amelala," nikamwambia. "Hesabu siku kumi. Ataamukia mashariki, nyuma ya miti, jua likiwa bado."

Akahesabu. Na kweli ikatokea. Naam, mbingu yenyewe ilikuja kutoa ushahidi kwa ajili yangu, na wanawake wa bandarini hawakunitania tena. Hata sasa, mudogo wangu akiwa marehemu, watoto wake wanaisalimia nyota ile, jioni au alfajiri, popote inapokuwa, na wanaiinulia wajukuu. Wakinikuta nimeketi hapo, wananiita nije nimusalimie mama yangu, nami ninakwenda.

Asubuhi ile ya kwanza ndiyo inayonirudia. Mudogo wangu alinigongea mulango giza likiwa linaisha, akanivuta mukono mpaka nje ya miti. Nyota ilikuwepo, kubwa, safi. Alimwambia mutoto, "Salimia mama," akamupungisha kale kamukono kake. Halafu akamuweka mikononi mwangu, akapiga magoti kwenye muchanga, akapiga makofi taratibu kama tunavyomufanyia mukubwa.

"Yaya, nilikusema vibaya kwa watu. Nilisema umemuuza mama. Kumbe ulimuweka mahali ambapo sisi wote tunamuona. Aksanti, yaya. Aksanti sana."

Mukubwa anayeshukuriwa hivyo ana jibu lake, naye alikuwa analingojea, kichwa kimeinama. Nilimuacha pale chini muda kidogo. Kisha nikalitoa.

"Simama, mudogo wangu," nikasema. "Nilifanya kwa ajili yako."